Marehemu Talib bin Khelef, Mliyemzoea kwa Jina la Turner

Bismillahi. Wazee wetu, kina mama, majirani wa Ilford, na nyinyi mliotoroka kazini mkaja na viatu vya kazi, ahsanteni sana. Mliopokea karatasi mlangoni mmeona pameandikwa Talib bin Khelef, na baadhi yenu mmeanza kunong'onezana kwamba mmekosea msiba. Hamkukosea. Huyo ndiye Mzee Turner wenu. Anayewasomea haya ni shemeji yake, ndugu wa mkewe, na mashemeji tunaruhusiwa utani hata kwenye matanga, ila leo utani hautafika mbali. Kabla ya sala kuna jambo la kuwaomba, linamhusu kaka yake marehemu, Nassor, ambaye wengi wenu hamkupata kumsikia hata siku moja. Marehemu mwenyewe aliruhusu lisemwe mbele za watu. Aliogopa kulisema tangu ujana wake hadi wiki tatu kabla ya kufa.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1941, mtaa wa Mkunazini, Unguja mjini, mtoto wa pili wa Khelef bin Msellem na Bi Jokha binti Abeid. Nassor alimtangulia kwa miaka miwili. Salma, kitinda mimba, alikuja 1955, Bi Jokha akiwa amekwisha kugawa nguo zote za kitoto kwa majirani. Mzee Khelef alikuwa fundi wa kukereza mbao. Miguu ya vitanda, nguzo za ngazi, vishikio vya bakora, vyote alivitoa kwenye gogo kwa kulizungusha na kuliwekea patasi, na karakana ilikuwa hapo hapo chini ya nyumba, kwa hivyo hata mchuzi wao ulikuwa na vumbi la mbao.

Alisoma Kurani chuoni hapo mtaani, akahitimu akiwa mdogo, kisha akaingia skuli ya serikali na kumaliza mwaka 1957. Hati yake ilikuwa nzuri mno. Lakini uoga alizaliwa nao, na hilo halifichiki. Choo chao kilikuwa uani, na baada ya magharibi Talib alikuwa hakubali kwenda mpaka Nassor asimame nje na kuimba, ili ajue kwamba hajaachwa peke yake. Nassor, maskini, hakujaaliwa sauti. Majirani wakapeleka malalamiko kwa Bi Jokha. Yeye akawajibu, "Mvumilieni, mwenzake akimaliza haja atanyamaza." Marehemu alikuwa akiisimulia hadithi hii bila ya kutaja jina la aliyeimba, na sisi tukicheka tu.

Mzee Khelef alifariki 1959. Nassor akaishika karakana, Talib akapata ukarani bandarini. Jioni aliwaandikia vijana wa klabu moja ya mtaani, moja ya zile klabu za zama zile zilizokuwa na bendera, chai na ugomvi wa siasa. Hakuwa mwanasiasa. Alipenda kuandika, wakampa kalamu. Kila tangazo la klabu lilibandikwa ukutani, na chini yake jina lake na cheo chake, Karani. Nassor hakujali klabu wala bendera. Alijali mbao zake, mvule na msaji, na akimwona mdogo wake anarudi na wino vidoleni alikuwa akimwambia, "Yakhe, hebu shika kazi inayoonekana."

Mapinduzi yalikuja Januari 1964. Jumanne ya tarehe 28, Ramadhani ikiwa imefika kati, Bi Jokha alimchukua Salma kwenda kufuturu kwa jamaa zao Chukwani. Wale ndugu wawili walibaki karakanani. Baada ya alasiri watu wenye bunduki waliingia bila ya hodi, na mmoja wao akauliza, "Talib Khelef nani hapa?"

Marehemu alimwambia mkewe kwamba alifungua kinywa. Aliapa kwamba alikifungua. Ulimi ulikuwa umekauka, wala si kwa saumu, naye alishika ukuta. Nassor aliiweka patasi chini, akajipangusa mikono kwenye msuli, akasema, "Ni mimi."

"Na huyu?"

"Huyu ndugu yangu, Nassor. Hajui lolote huyu, fundi wa vitanda."

Wakamchukua. Alipofika mlangoni aligeuka, akamwambia mdogo wake, "Funga duka." Hayo ndiyo maneno ya mwisho, na hakuonekana tena, si yeye, si maiti yake, si kaburi lake.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye mzigo wote. Mtaa ulikuwa umefunga madirisha kwa hofu. Watu hawakuona kitu, walisikia tu. Walisikia jina la Talib likiitwa na mtu akiitika. Bi Jokha aliporudi akaambiwa, Talib kachukuliwa. Na Nassor je? Nassor haonekani, lazima kakimbia. Kwani marehemu alilifunga duka kama alivyoambiwa na akatoweka mjini kabla ya mama yake kurudi, akavuka hadi Mombasa kwa njia ambayo hata mkewe hakuwahi kuambiwa. Tangu hapo, huko nyumbani, Talib akawa ndiye aliyekufa na Nassor ndiye aliyenusurika. Bi Jokha akamlia asiyekufa, akamngoja asiyerudi. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyejua kwamba mambo ni kinyume, na mtu huyo alikuwa amejificha.

Aliingia London Oktoba 1966, dobi wa melini, na hakurudi tena melini. Alipanga chumba Stratford. Waliomjua wakati huo wanasema alikuwa haketi karibu na dirisha, na mlango ukigongwa huzima redio kwanza ndipo avute pumzi. Akiwa ndani ya basi akasikia Kiswahili nyuma yake, hushuka kituo chochote, akasimama mvuani mpaka basi lipotee. Aliamini kuna watu waliotumwa kuwatafuta waliokimbia. Wengine waliamini hivyo pia, na hatuwezi kuwacheka, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini wenzake waliogopa kukamatwa. Yeye aliogopa zaidi kutambuliwa na mtu wa mtaani kwao, akaulizwa, "Wewe ni yupi kati ya wawili?"

Mwaka 1969 alibadilisha jina. "Jina lile keshakufa nalo mtu," alimwambia mkewe baadaye. "Nitalivaaje?" Kwanza alifikiria Smith, kwa kuwa ndilo lililojaa kuliko yote, kisha akaliogopa hilo nalo. Alisema mwenye kumtafuta mtu aliyejificha ataanza kwa Smith. Akafungua kitabu cha simu cha London, akafunua na kufunua, akawakuta kina Turner kurasa baada ya kurasa, wa kila mtaa. Akaridhika nao. Walikuwa wengi kiasi kwamba hakuna atakayewamaliza, na si wengi kiasi cha kutiliwa shaka. Maana ya neno hakuijua wala hakuiuliza, kwake lilikuwa pazia tu. Mwanasheria wa hapo Stratford alimgongea muhuri, na tangu siku hiyo waajiri wakimwita Bwana Turner kwenye usaili, wakimtazama Mzanzibari mwembamba akiinuka kwenye benchi, hutazama tena nyuma yake kumtafuta Mwingereza.

Kazi aliyodumu nayo ilikuwa ofisi ya vitu vinavyosahauliwa kwenye treni. Miavuli, mikoba, meno ya bandia, siku moja hata njiwa ndani ya tundu. Wenziwe kaunta humuuliza mtu jina kwanza, kisha kitu alichopoteza. Marehemu hakuweza. Alimwambia mtu, "Nieleze kitu chako kilivyo," na akikieleza sawasawa humpa, na jina huliandika mwisho kabisa huku ameinamisha macho. Mkubwa wake alimkanya mara kadhaa, akachoka. Alistaafu 2006, na siku ya kumuaga alipewa mwavuli, jambo lililomchekesha mno.

Ndoa yake na dada yetu Mwanamwema, aliyetoka Wete kusomea uuguzi, ilifungwa Jumamosi tarehe 20 Mei 1972, sebuleni mwa watu, hapa London ya mashariki. Baba yetu alikuwa amewakilishwa na ami yetu, na shekhe akauliza kama ilivyo ada, "Bwana harusi ni nani bin nani?" Ami akakohoa. Shekhe akasema, "Bwana, siwezi kumwozesha mtu bin Turner bila ya kujua Turner ni nani, au kama amesilimu." Watu wakacheka. Marehemu akainuka, akamsogelea shekhe na kumnong'oneza sikioni. Shekhe alimtazama kwa huruma, akasema, "Haya, hilo Mungu kalisikia, yatosha," akafunga ndoa kwa sauti ya chini ambayo ami mpaka anakufa alilalamika kuwa hakusikia kitu. Dada yetu aliambiwa jina la kweli la mumewe baada ya wageni kuondoka. Habari za Nassor hakuambiwa.

Walijaaliwa watoto wawili, Zuwena mwaka 1973 na Muhiddin 1976, na katikati ya hapo walihamia Ilford. Jirani yao wa ukuta mmoja, ambaye yupo nasi leo, ni Bwana Jaswant, aliyetoka Nairobi na masanduku yake ya zana. Siku ya kwanza tu alileta sahani ya jalebi, vile vitamu vya Kihindi, akasoma jina lililobandikwa kengeleni, akafurahi kupita kiasi. "Wewe nasema jina yako Turner? Mimi ndiyo turner! Mimi nafanya kazi hiyo reli ya Nairobi miaka mingi. Chuma inazunguka, mimi nakata. Baba yako alikuwa fundi ya kuzungusha nini, chuma ama mbao?"

Marehemu alikuwa ameipokea ile sahani, na jalebi zote zikaenda chini. Alimshika Jaswant mkono. "Nani kakwambia kazi ya baba yangu?"

"Hapana mtu, Bwana! Jina yako inasema."

Jaswant alidhani amemtukana, akaomba radhi mlangoni pale mpaka dada yetu akatoka kuwaamua. Usiku ule marehemu hakulala. Kesho yake alitaka kurudi kwa mwanasheria akalibadilishe tena. Mwanamwema akamwambia, "Utabadilisha majina mangapi, bwana wee? Na mimi niolewe na wangapi?" Akaliacha jina lilivyo. Lakini kuanzia hapo, kila alipoliandika jina hilo, kwenye hundi, kwenye daftari la kazini, aliona anaandika kazi ya baba yake, na nyuma ya baba yake anamwona Nassor anaweka patasi chini.

Zuwena alipokuwa mkubwa kidogo, miaka ya themanini, darasani waliagizwa kila mtoto achunguze asili ya jina la ukoo wake, na mtoto akaenda maktaba ya Ilford akarudi kifua mbele. Alituelezea mezani kwa Kiingereza, kama wafanyavyo watoto wa hapa, na mamaake akimjibu kwa Kiswahili. Alisema neno hilo lilivuka bahari kutoka Ufaransa na wale Wanormani waliowatawala Waingereza, na maana yake ni fundi anayekereza: bakuli, vikombe, miguu ya viti, wa mbao, wa mifupa, hata wa chuma. Zamani hizo watu walikula na kunywea vyombo vya mbao, basi kila mji ulihitaji fundi wake, na kila fundi aliitwa kwa kazi yake, ndiyo maana mpaka leo wako tele na wengi hawana udugu wowote. "Sasa sisi tumetoka kwa yupi, Daddy?" Marehemu aliinuka akaenda kuosha sahani ambazo zilikuwa bado zina chakula.

Kabla ya hapo, mwaka 1978, marehemu aliwapeleka mkewe na Zuwena Edgware Road kununua nyama, wakaingia kwenye mgahawa wa Waarabu kunywa chai. Mtu mmoja kwenye meza ya mbali alimtazama, akamtazama tena, akaruka kwenye kiti. "Nassor! Nassor Khelef! Subhanallah, Nassor!"

Alikuwa Msabaha, mtoto wa Mkunazini, aliyekuja na safari ya kazi. Marehemu alisimama. Akasema kwa Kiingereza, "Umenifananisha," na akatoka kwa mlango wa jikoni, kofia ameiacha, mke ameshika kikombe, mtoto mdomo wazi. Wahenga wanasema kataa neno, usikatae wito. Yeye alivikataa vyote viwili. Msabaha, masikini ya Mungu, akamgeukia dada yetu machozi yakimlengalenga. "Bi mkubwa, huyu ni Nassor, sikumkosea. Mwambie mamaake yu hai. Talib tumeshamsomea khitma, kila Ramadhani anasomewa, nyumba inajaa. Lakini yeye anangojwa. Kila hodi ikipigwa Bi Jokha anauliza kama ni Nassor."

Dada yetu alirudi Ilford na mtoto na nyama na mzigo huo. Alijua kwamba mumewe ni Talib. Alimkuta amekaa ngazini na koti lake. Hapo ndipo alipoambiwa yote, kutoka patasi hadi funga duka.

"Basi mwandikie mama," alisema Mwanamwema. "Mwambie uko hai."

"Nikimwambia mimi niko hai, namuua Nassor. Alivyo sasa anaye mmoja wa kumngoja."

"Anaye wewe!"

"Ataniuliza, mbona hukuitika?"

Huko Unguja maiti aliyekuwa hai alisomewa khitma na mtaa mzima, na marehemu alisema zile dua zilikuwa zikimtisha, kwamba zikifika hazimkuti kaburini, zinamkuta kwenye treni anakwenda kazini. Nassor hakusomewa na yeyote. Basi kila Ramadhani ikifika kati, marehemu alijifungia chumba cha nyuma, akafunga pazia, akamsomea peke yake kwa sauti ya chini. Watoto waliambiwa baba anaumwa na kichwa.

Bi Jokha alifariki 1986. Taarifa ililetwa na yule yule Msabaha, ambaye dada yetu alimwachia nambari siku ile mgahawani, kwa simu, na alipokea dada yetu. Alikufa bado anangoja. Wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Aliyeisema methali hiyo hakuwahi kuishi nyumba moja na shemeji yetu. Kicheko hakikwenda huko. Alikuwa mpole kwa wanawe, mkarimu kwa majirani, mwepesi wa kubeba jeneza la kila mtu, na hakuna siku aliyokaa akaegemea kiti.

Moyo wake ulianza kudhoofika 2017. Alilazwa, akatolewa, akalazwa tena, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi. Septemba mwaka huu, 2019, madaktari walimwambia dada yetu ukweli. Shekhe, ambaye dada yetu alikuwa amekwisha kumwambia jina la kweli, alikwenda kumtazama hospitali, na marehemu akamuuliza jambo lililomshitua kila aliyekuwepo. "Mkishanifukia, kwenye talakini, utaniita nani? Turner?"

Shekhe akatabasamu. "La, mzee wangu. Mtu huitwa kwa mamaake. Nitasema, ewe Talib mwana wa... mama ni nani?"

Marehemu alianza kutetemeka hata chupa ya dawa ikawa inagonga chuma cha kitanda. "Jokha," alisema. Kisha akasema, "Ukimtaja Jokha, Jokha atasikia. Atajua ni mimi. Ataniuliza mwenzangu nimemwacha wapi."

Shekhe alivuta kiti. Akamshika mkono mpaka mtetemeko ukapungua, akamwambia, "Mama huna tena uwezo wa kumpigia simu. Huna ndugu mwengine?"

Anaye, Salma, yuko Unguja, mwenye wajukuu. Nambari tuliipata kwa Msabaha. Muhiddin alimpigia akamwekea babaake simu mkononi, na hapo chumbani tulikuwa sote, tukamwona mtu wa miaka sabini na minane anataka kushuka kitandani kukimbia na mipira ya dawa mkononi. Dada yetu alimkalisha.

"Nani?" alisema Salma kwenye simu.

"Mimi kaka yako."

"Nassor! Jamani, Nassor!"

"Mimi Talib."

Tukasikia jogoo wa huko Unguja. Kisha Salma akasema, "Talib tunamsomea tangu mimi nina miaka minane. Wewe nani unayenichezea?" Marehemu akamwambia. Alimwambia yote, neno kwa neno, na pumzi zinamkatika, na hakujitetea hata kidogo. Alipofika kwenye "Ni mimi," Salma alipiga ukelele ambao muuguzi aliusikia akaja mbio. Alimlilia Nassor pale pale, kilio kibichi cha msiba wa siku hiyo, kisha simu ikakatika.

Ile saa ndiyo aliyoiogopa umri wake wote, na ilipofika ilikuwa mbaya kama alivyoiogopa. Alilala kaelekea ukutani. Hakula. Alituambia, "Basi, nimemuua tena Nassor." Dada yetu alikaa naye hata kulipopambazuka.

Siku ya pili Salma alipiga mwenyewe. Sauti imemkauka. Hakumwambia kaka yake kama amemsamehe, na sisi hatutamsingizia hapa leo kuwa alisema. Aliuliza moja tu.

"Nassor alisaliwa?"

"Hakusaliwa," alisema marehemu. "Hakuna aliyejua kuwa ni yeye."

"Miaka yote hii hakusaliwa?"

"Nilimsomea. Peke yangu. Kumsalia niliogopa, watu wangeuliza ni nani."

Salma alilia kidogo, akajipenga. "Sasa nisikilize, kaka. Usife hujaacha wasia. Siku ukisaliwa wewe, na yeye asaliwe, mbele ya watu, kwa jina lake. Na waambiwe alivyokufa."

"Watanijua nilivyokuwa," alisema marehemu.

"Na wakujue."

Alitazama dari. Mikono ilikuwa inatetemeka juu ya shuka, na ilitetemeka mpaka mwisho, hatutawadanganya kwamba hofu ilimtoka. Lakini alisema, "Haya. Na waambiwe." Akamwita shekhe akamuusia, akatuita na sisi akatuusia, akamtaka Zuwena aandike ili pasiwe na mtu wa kuficha.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 5 Novemba 2019, saa za adhuhuri, mkewe amemshika mkono mmoja na Zuwena mwengine, akiwa ametamka shahada.

Ameacha mjane, Bi Mwanamwema. Watoto wawili, Zuwena na Muhiddin. Wajukuu watano, wote kina Turner, na jina hilo wabakie nalo, babu yao aliwaachia na baba yake babu aliifanya kazi yake. Dada yake Salma, anayetusikiliza sasa hivi kwa simu iliyo mkononi mwa Msabaha, ambaye siku hizi anaishi huku, safu ya mbele. Na mashemeji, na majirani, na Bwana Jaswant, aliyeomba kushika jeneza na atashika.

Sasa ombi letu. Jeneza likishapelekwa mbele ya shekhe, tutasimama kwa sala. Shekhe amekwisha kuambiwa, na nyinyi tunawaambia ili mtie nia sawasawa, mume kwa mke, mkubwa kwa mdogo. Mbele yenu kuna jeneza moja na maiti ni wawili. Aliyepo ni Talib mwana wa Jokha, aliyeitwa na hakuweza kuitika. Asiyekuwepo ni Nassor mwana wa Jokha, aliyeitika. Mwenyezi Mungu awape wote wawili utulivu, na mama yao awaone wote wawili.

Wanyanyueni.